Jinsi ya kuongoza matembezi ya historia ya Wareno, kutoka Fort Jesus hadi Ndia Kuu

Matembezi mengi ya Fort Jesus huharibika katika dakika tano za mwanzo. Mwongozaji husimama mbele ya lango, hunyosha mkono kuelekea ukutani, kisha husema kwamba ngome ilijengwa na Vasco da Gama. Lakini Vasco da Gama alifariki Cochin, India, tarehe 24 Desemba 1524, na ngome ilianza kujengwa 1593. Hata jiwe moja la ukuta ule hakuliona. Ikiwa kundini yumo mtu mmoja aliyeisoma historia hiyo, kila utakalosema baadaye atalitilia shaka, na atakuwa na haki.

Mwongozo huu ni wa wanaotembeza wageni, walimu wanaopeleka wanafunzi, na wenyeji wa Mombasa wanaotaka kuwatembeza jamaa zao wenyewe. Una kanuni moja: katika kila kituo taja vitu vitatu kwa mpangilio huu huu. Kwanza kitu kinachoonekana kwa macho, pili mtu anayehusika nacho, tatu taasisi iliyomtuma mtu huyo au iliyomlipa. Ukianza na mtu kabla ya kitu, wasikilizaji hubaki na orodha ya majina. Ukiacha taasisi, watadhani kila Mreno alikuja Mombasa kwa matakwa yake, ilhali karibu wote walikuwa na barua ya mfalme, ya gavana wa Goa (mji wa India uliokuwa makao ya utawala wa Wareno) au ya mkuu wa shirika la watawa.

Maandalizi ya siku moja kabla

Tenga saa tatu kwa matembezi yote: saa mbili ndani ya ngome na saa moja Mji wa Kale. Anza mapema asubuhi. Kufika saa tano, uwanja wa ndani huwa hauna kivuli cha kutosha, na watu hawasikii maneno tena, wanatafuta ukuta wa kujikinga na jua. Kundi lisizidi watu kumi na watano. Wakizidi, walio nyuma hawasikii kwa sababu upepo wa baharini hubeba sauti juu ya kuta. Kila mtu awe na maji lita moja, kofia, na viatu vyenye soli ya kushika. Mawe ya matumbawe yaliyosuguliwa na nyayo kwa miaka mingi huteleza sana baada ya mvua, hasa kwenye ngazi na materemko ya kupandia buruji, yaani ngome ndogo zilizochomoza kwenye pembe za ukuta.

Ada ya kiingilio hutofautiana kwa raia, kwa wakaazi wa Afrika Mashariki na kwa wageni wa nje, na hubadilika. Ulizia viwango na njia ya malipo siku moja kabla, na upeleke idadi ya kila kundi ikiwa imeandikwa. Anayeongoza kwa malipo awe na leseni yake mkononi.

Tengeneza kadi tisa za karatasi ngumu, kila moja ukubwa wa kiganja. Mbele andika jina na miaka, nyuma andika taasisi. Majina tisa yanatosha: Vasco da Gama, Francisco de Almeida, Giovanni Battista Cairati, Mateus Mendes de Vasconcelos, Yusuf bin Hasan, Francisco de Seixas de Cabreira, Bwana Daud wa Faza, Luís de Camões, Calouste Gulbenkian. Usiongeze la kumi. Afonso de Albuquerque aliyeteka Goa 1510 na Malacca 1511 ni mtu mkubwa, ila Mombasa hana kitu cha kuonyesha, na jina lisilo na kitu husahaulika kabla ya kufika langoni.

Jizoeze kuyatamka. Kireno kina herufi chache zinazowapoteza watu: nh husomwa kama ny yetu, lh ni kama ly, ç ni s, x mara nyingi ni sh, na s iliyo mwisho wa neno huko Ureno husikika kama sh. Kwa hiyo Seixas ni takriban "Seishash", na Camões ni "Kamoinsh", sauti ikipitia puani. Alama ya ã pia hupitisha sauti puani. Usijitese kutafuta lafudhi ya Lisbon. Inatosha kutosema "Seiksas".

Kuna mitego miwili ya tarehe na wafalme. Kalenda ya Gregori ilianza kutumika Ureno mwaka 1582, wakati tarehe 4 Oktoba ilipofuatwa moja kwa moja na tarehe 15. Tarehe za safari ya Vasco da Gama ni za kalenda ya zamani, ndiyo sababu wanaokokotoa miezi na pepo hukuta tofauti ya siku kadhaa. Mtego wa pili: kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania, lakini Wareno waliwahesabu kwa namba zao. Filipe I wa Ureno ndiye Filipe II wa Hispania. Kitabu kimoja kikisema ngome ilijengwa enzi ya Filipe I na kingine Filipe II, vyote vinasema kweli. Liandike hili kwenye karatasi yako, maana swali hilo huja.

Kituo cha kwanza: nje, ukitazama mlango wa bahari (dakika 20)

Usiingie ngomeni mara moja. Simamisha kundi mahali panapoonyesha mkondo wa bahari unaoingia bandari ya zamani. Kitu cha kuonyesha ni mkondo wenyewe: jahazi lolote lililotaka kutia nanga mbele ya mji lilipaswa kupita hapo, karibu kabisa na ukuta.

Sasa toa kadi ya Vasco da Gama. Aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na kufika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Hakuingia bandarini. Aliwatuma pwani watu wawili wafungwa, kwani merikebu za Wareno zilichukua wahalifu waliohukumiwa ili wapelekwe kwenye hatari badala ya mabaharia. Usiku watu wa Mombasa waliogelea hadi kwenye merikebu kujaribu kukata kamba za nanga. Siku chache baadaye akaenda Malindi, na huko akapokelewa vizuri. Eleza sababu: Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama wao kabla Wareno hawajaonekana, na Sultani wa Malindi aliona nafasi ya kupata mshirika mwenye mizinga. Uhasama huo ndio uzi utakaokusaidia hadi kituo cha tatu, kwa hiyo usiupitie haraka.

Hapa huzuka kosa la rubani. Wengi husema mjuzi aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut, katika pwani ya India, alikuwa Ahmad ibn Majid, mwandishi mashuhuri wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni. Taarifa za Wareno za wakati ule zinamtaja rubani wa Kigujarati, na watafiti wengi wa sasa hawakubali tena habari ya Ibn Majid. Sema "rubani Mgujarati aliyepatikana Malindi" na usonge mbele. Kisha eleza pepo, jambo ambalo watu wa Pwani hulielewa kuliko mgeni yeyote: aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Aliporudi alikaidi majira. Aliondoka India mapema Oktoba kabla kaskazi haijasimama, akafika Malindi tarehe 7 Januari 1499 baada ya miezi mitatu ya utulivu wa bahari na kiseyeye. Mabaharia waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba merikebu ya São Rafael ilichomwa moto kusini mwa Mombasa kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Taasisi ya safari hiyo ni Shirika la Kristo, shirika la kidini la wapiganaji, lililoanzishwa na Mfalme Dinis mwaka 1319 baada ya shirika la Templa, la aina hiyo hiyo, kuvunjwa. Msalaba mwekundu unaochorwa kwenye matanga ya merikebu za Wareno ni wa shirika hilo. Mwanamfalme Henrique, anayeitwa Baharia, alikuwa msimamizi wake tangu 1420 na mapato yake yaligharimia safari za kwanza za pwani ya Afrika Magharibi. Akitokea mtu akutajie "chuo cha mabaharia cha Sagres", mwambie kwa upole kwamba hakuna ushahidi wa chuo kama hicho.

Funga kituo hiki kwa Francisco de Almeida, makamu wa kwanza wa mfalme katika India. Agosti 1505, baada ya kuiteka Kilwa, aliishambulia Mombasa, akaipora na kuichoma. Taasisi yake ni Dola ya India, utawala wa Wareno katika bahari yote kuanzia Sofala hadi mashariki ya mbali, ulioanza mwaka huo huo wa 1505 na baadaye kuwa na makao yake Goa. Mwambie kila mtu akumbuke neno Goa. Amri zilizohusu Mombasa zilitoka huko zaidi kuliko Lisbon.

Kituo cha pili: langoni (dakika 30)

Hapa ndipo penye utajiri kuliko mahali pengine popote, na waongozaji wengi hupapita kwa sababu wako mbioni kwenda kwenye mizinga. Juu ya lango kuu kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Herufi zimeliwa na hewa ya chumvi, kwa hiyo usijaribu kuyasoma ukutani kwa sauti. Chapa tafsiri yake kwenye karatasi moja na umpe mtu wa kundi aisome.

Maandishi yanasema kwamba Francisco de Seixas de Cabreira, akiwa na umri wa miaka 27, alifanywa kapteni wa ngome hii kwa miaka minne, akaijenga upya na kuongeza chumba cha walinzi. Yanasema aliwarudisha chini ya mfalme watu wa pwani hii walioasi wakiwa na mfalme dhalimu. Kwamba aliwatoza kodi wafalme wa Utondwe, Manda, Luziwa na Jaka. Kwamba aliiadhibu Pate na Siyu hadi kuta za miji zikabomolewa. Na kwamba aliwaadhibu Wamusungulo, watu wa bara karibu na Mombasa, na Pemba, ambako aliwaua watawala waasi na wakuu wote wa mji. Kwa kazi hiyo alipewa cheo katika nyumba ya mfalme; vazi la Shirika la Kristo alikuwa ameshapewa kwa utumishi mwingine.

Simama hapo. Waulize: "Kapteni anajisifu kwa nini?" Wape muda wa kujibu. Jiwe hili ni barua ya kuomba kutambuliwa, iliyochongwa mahali ambapo kila ofisa kutoka Goa angepita. Linaeleza namna taasisi ilivyofanya kazi: unaadhibu miji, unaandika hesabu ya uliowaadhibu, unalipwa kwa cheo. Mgeni akisikia Pate, Siyu na Manda, miji ambayo bado ipo au magofu yake yapo Lamu, ataelewa kwamba ngome haikuilinda Mombasa peke yake. Ilikuwa ngumi ya kupigia pwani nzima.

Kinachoharibika hapa ni haraka na aibu. Wengine huruka sehemu ya mauaji ya Pemba ili wasimkwaze mgeni Mreno. Usiiruke. Imeandikwa na Mreno mwenyewe, kwa fahari, mlangoni pake.

Kituo cha tatu: uwanja wa ndani na mabaki ya kanisa (dakika 25)

"Mfalme dhalimu" wa lile jiwe ana jina, na jina lake lazima litajwe ndani ya ngome. Keti na kundi karibu na mabaki ya kanisa na utoe kadi ya Yusuf bin Hasan.

Rudi kwenye uzi wa Malindi. Wareno walipoiteka Mombasa na kuanza ngome, waliuhamishia huku ukoo wa masultani wa Malindi, washirika wao wa tangu 1498. Hasan bin Ahmad alikuwa wa ukoo huo. Ugomvi wake na makapteni wa ngome ulimfikisha kwenye kifo: aliuawa mwaka 1614 bara, upande wa Rabai, kwa njama ya Wareno. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa jina Dom Jerónimo Chingulia. Alirudishwa Mombasa mwaka 1626 akiwa mfalme Mkristo. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na akarudi kwenye Uislamu na jina lake. Wareno wa mjini waliuawa. Wengine walikuwa watawa, na wengine walikuwa Waafrika waliobatizwa waliokataa kuacha dini. Kanisa huwaita Mashahidi wa Mombasa. Msafara wa Wareno wa kuikomboa ngome mapema mwaka 1632 ulishindwa. Yusuf mwenyewe akaiacha mwezi Mei, na Wareno wakaingia tena ikiwa tupu mwezi Agosti.

Namna ya kulisimulia hili kwa kundi lenye Waislamu na Wakristo pamoja: taja mauaji ya baba kabla ya mauaji ya 1631, na yataje yote mawili kwa maneno yale yale. Ukisema baba "aliuawa" na watawa "walichinjwa", umeshachagua upande. Usimwite Yusuf shujaa wala msaliti. Toa tarehe, na wasikilizaji wataamua. Waislamu wengine hutaka kuambiwa kwamba hakuwa Mkristo wa kweli, na Wakristo wengine hutaka kinyume chake. Hakuna hati inayoonyesha kilichokuwa moyoni mwake, basi usijibu.

Taasisi ya kituo hiki ni shirika la Waaugustino, lililofungua nyumba yake Mombasa mwaka 1597, mara tu ngome ilipokamilika. Mahali ambapo Wareno wengine waliwategemea Wajesuti, Mombasa ilikuwa mikononi mwa Waaugustino. Mtakatifu Francis Xavier, Mjesuti, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, hakubaki.

Kituo cha nne: juu ya buruji (dakika 20)

Pandeni buruji mojawapo ya upande wa bara. Buruji ni nne: São Filipe na Santo Alberto zinatazama bara, São Mateus na São Matias ziko upande wa bahari. Watu wasiegemee ukingo wala kukaa juu ya mizinga. Watoto wawe upande wa ndani, kila mmoja na mtu mzima.

Aliyechora ramani ya ngome ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano, msanifu mkuu wa Dola ya India. Kapteni wa kwanza, aliyesimamia kazi, ni Mateus Mendes de Vasconcelos. Waongozaji hupenda kusema ngome ina umbo la mtu aliyelala, na ni kweli kwamba wasanifu wa Ulaya wa zama zile waliamini vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo kipimo cha uzuri. UNESCO iliitaja hoja hiyo ilipoiingiza ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Lakini kutoka ardhini hakuna anayeliona umbo hilo. Ukilisimulia, uwe na picha iliyopigwa kutoka angani. Bila picha, usipoteze muda.

Eleza badala yake kinachoonekana: pembe. Mwambie mtu mmoja asimame buruji ya kwanza, mwingine ya pili, na kila mmoja aangalie chini kwenye ukuta ulio kati yao. Wote wawili wanaona msingi wa ukuta. Adui aliyefika hapo na ngazi alipigwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na hakuwa na mahali pa kujificha. Mnara wa duara wa zamani ulikuwa na sehemu mbele yake isiyofikiwa na risasi. Buruji yenye ncha iliiondoa. Kisha waonyeshe handaki kavu lililochimbwa katika mwamba wa matumbawe upande wa bara. Mawe yaliyokatwa katika mwamba ule ule yalifaa kwa kuta, ndiyo maana ngome inaonekana kana kwamba imeota kutoka ardhini.

Atakuuliza mtu kwa nini ngome ilijengwa miaka 95 baada ya Vasco da Gama. Jibu ni Waturuki. Miaka ya 1580 nahodha Mir Ali Bey alikuja pwani hii kutoka Bahari ya Shamu, na miji ikamkaribisha. Mwaka 1589 msafara kutoka Goa chini ya Tomé de Sousa Coutinho ulimkuta Mombasa, wakati uleule Wazimba, kundi la wapiganaji lililotoka kusini, wakiwa ng'ambo ya kivuko upande wa bara. Ali Bey akatekwa. Goa ikaona kwamba kuichoma Mombasa kila baada ya miaka kadhaa hakutoshi.

Kituo cha tano: michoro ya ukutani na merikebu iliyozama (dakika 25)

Katika ngome kuna michoro iliyofanywa na Wareno waliokuwa zamu, kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, majengo. Liache kundi liitazame kwa ukimya dakika mbili. Mtu asiiguse, wala asiipige picha kwa taa ya kumulika. Hakuna jina la kutaja hapa, na ndiyo thamani yake, kwani mambo mengine yote mnayoyaona yaliachwa na makapteni.

Kisha nendeni kwenye vitu vya merikebu ya Santo António de Tanná. Ilijengwa Baçaim, India, ikaletwa kuwasaidia Wareno waliozingirwa ngomeni na Waomani, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji wa akiolojia wakiongozwa na Robin Piercy walifukua mabaki. Ubavu wa merikebu ulipimwa na kuchorwa, ukaachwa chini ya bahari, kwa sababu mbao zilizokaa majini karne tatu hupasuka na kusinyaa zikikauka bila kutiwa dawa kwa miaka. Wageni wakiuliza "merikebu yenyewe iko wapi?", waambie bado ipo chini ya maji.

Mazingirwa yenyewe yalianza Machi 1696 na kwisha 13 Desemba 1698, miezi 33. Waomani hawakuibomoa ngome kwa mizinga. Maradhi na njaa ndivyo vilivyoimaliza. Hapa toa kadi ya Bwana Daud wa Faza. Kapteni Mreno alipokufa mwaka 1697 na Wareno wakawa karibu wamekwisha, ngome ilishikwa na Bwana Daud na Waswahili waliokuwa ndani. Waongozaji husimulia vita hivi kana kwamba ni Wareno dhidi ya Waarabu tu, na Waswahili wakawa watazamaji. Walikuwa pande zote mbili, kila mji kwa hesabu zake. Msaada kutoka Goa ulifika siku chache baada ya ngome kuanguka. Wareno walirudi mara moja tu, Machi 1728, wakafukuzwa na wenyeji Novemba 1729.

Mwisho wa ngome, pitieni jengo la makumbusho (dakika chache zinatosha). Kati ya 1895 na 1958 hapa palikuwa jela. Ukarabati na makumbusho yaliyofunguliwa 1960 vilipata fedha kutoka Wakfu wa Calouste Gulbenkian, uliosajiliwa Lisbon mwaka 1956. Gulbenkian alikuwa Muarmenia aliyetajirika kwa mafuta, akaishi Lisbon tangu Vita vya Pili vya Dunia na kufia huko 1955. Machimbo ya ngome yaliongozwa na James Kirkman. Taja taasisi hii bila kuiruka: sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu ngome kilitoka ardhini katika miaka hiyo.

Ndia Kuu: Camões kwa kahawa (saa moja)

Tokeni mtembee Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, polepole, mkitafuta kivuli na muuza kahawa. Kadi ya Luís de Camões huenda vizuri watu wakiwa wamekaa, na kahawa chungu na kashata mkononi. Utenzi wake mkuu, Os Lusíadas, ulichapwa Lisbon 1572, nyimbo kumi, kila ubeti mistari minane. Mwisho wa wimbo wa kwanza merikebu zinafika Mombasa. Katika wimbo wa pili zinakoswakoswa na mtego bandarini, kisha zinafika Malindi. Nyimbo za tatu hadi ya tano ni Vasco da Gama akimsimulia Sultani wa Malindi historia ya Ureno. Maana yake, wimbo ambao Wareno huuhesabu kuwa nguzo ya taifa lao, sehemu kubwa umetamkwa katika pwani yetu.

Kundi likiwa na mtu anayejua tenzi za Kiswahili, mwombe asome beti chache za utenzi wowote anaoujua, kisha mwingine asome ubeti mmoja wa Camões kwa Kireno. Kinachofanana ni ubeti wenye vina vilivyopangwa na kisa kirefu cha vita na safari. Waambie mapema kwamba Camões anaieleza Mombasa kwa jicho la adui, ili msikilizaji asishtuke. Siku ya kifo chake, 10 Juni 1580, ndiyo siku ya taifa la Ureno hadi leo, na kaburi lake liko katika monasteri ya Jerónimos, Belém, pamoja na la Vasco da Gama, ambaye mabaki yake yalihamishiwa huko 1880.

Wanaotaka siku ya pili wapeleke Malindi, kama kilomita 120. Huko wataona nguzo yenye msalaba wa jiwe la Ureno, na kanisa dogo la Wareno. Nendeni asubuhi; njia ya kwenye nguzo haina kivuli.

Ukipata swali usilolijua

Andika swali, chukua nambari ya simu ya muulizaji kwa ridhaa yake, kisha tafuta. Hazina kuu ya hati za Ureno ni Torre do Tombo, Lisbon, iliyopewa jina la mnara wa ngome ya São Jorge ilimoanzia. Katalogi yake iko kwenye intaneti na hati nyingi zina picha. Hati za makoloni ziko pia katika Arquivo Histórico Ultramarino, Lisbon. Barua zilizosafiri kila mwaka kati ya Lisbon na Goa huitwa Livros das Monções, sehemu iko Torre do Tombo na sehemu imebaki katika hifadhi ya Goa. Kumbuka kwamba tetemeko la Lisbon la 1 Novemba 1755 liliangamiza hati za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya mashariki. Baadhi ya maswali kuhusu miaka ya mwanzo hayatapata jibu popote.

Ukitafuta, usiandike Mombasa. Andika Mombaça, na Melinde kwa Malindi, Quíloa kwa Kilwa. Jaribu pia bila alama: Mombaca. Jina la mtu lijaribu kwa herufi za zamani, y mahali pa i, na "z" mahali pa "s". Ukipata hati, nakili nambari yake yote ya kumbukumbu kabla hujafunga ukurasa, kwa sababu bila nambari hiyo utalazimika kuitafuta upya, na mgeni uliyemtumia jibu hataweza kuithibitisha mwenyewe.